Mama Aliyepasuliwa na Siku Zake za Mwezi



Habari hii watu wengi hawapendi isomwe mbele ya wanaume na wanawake pamoja. Mzee mmoja wa kanisa alinishauri niiweke katika kurasa za mwisho, mahali ambapo vijana hawafiki. Nimekataa. Nimeona wanawake waliozikwa kwa sababu ya haya ya namna hii. Nimeona na wengine waliookolewa kwa kisu cha munganga, kisha nyumba zao zikabomolewa kwa maneno.

Nataka kusema juu ya mama aliyepasuliwa kwa sababu mimba yake ilikaa nje ya tumbo la uzazi, na juu ya siku zake za mwezi, kabla ya kupasuliwa na baada yake.

Kwanza tuelewe kazi ya mwili wenyewe. Tumbo la uzazi ni kama nyumba ndogo. Kila mwezi ndani yake hutandikwa kitanda laini cha kumngojea mtoto. Mtoto asipokuja, kitanda kile hubomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo damu ya mwezi. Si ugonjwa, wala si laana. Kushoto na kuume kwa nyumba hiyo kuna mirija miwili myembamba, urefu wa kila mmoja sentimita 10 hivi, na karibu na mwisho wa kila mrija kuna kifuko cha mayai. Yai likitoka huingia katika mrija, hukutana na mbegu ya baba humo njiani, na baada ya siku chache hufika nyumbani. Lakini pengine njia imekuwa nyembamba kwa makovu ya ugonjwa wa zamani. Basi yai linakwama, linaanza kukua pale njiani, kama punje ya hindi iliyoota katika ufa wa ukuta. Katika mimba 100, moja au mbili huwa hivi.

Mrija haukuumbwa ili upanuke kama tumbo la uzazi. Mara nyingi kati ya juma la 6 na la 10 tangu siku za mwisho za mwezi, unapasuka. Damu inamwagika ndani ya tumbo, ambako jicho la mtu halifiki. Mama aliyeamka mzima anaweza kufa kabla ya jua kuchwa.

Zamani hata wanganga wakubwa wa Ulaya walikaa tu kando ya kitanda na kumtazama mama akifa. Ndipo katika mwaka 1883, katika mji wa Birmingham, Uingereza, munganga Lawson Tait alimpasua mwanamke wa namna hii, akaufunga na kuuondoa mrija uliopasuka, na mwanamke akapona. Kazi ile ile ndiyo inayofanyika katika hospitali zetu za misheni hata leo, tena pengine kwa taa ya betri. Basi msaada upo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema mapema: Siku zake zimepita.

Hapa ndipo ugomvi wangu na ninyi, akina baba.

Usiku mmoja mama aliletwa kwa pikipiki, amekalishwa katikati ya watu wawili ili asianguke. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Nilimwuliza mume wake, Siku zake za mwisho zilikuwa lini? Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. Akasema, Munganga, hayo ni mambo ya wanawake. Nikamwuliza mama mkwe. Akajibu, Anaona mwezi wake sasa. Ulichelewa tu, kwa hiyo si mimba.

Uangalie vizuri neno hili, kwa maana ndilo mtego. Mimba iliyokaa katika mrija mara nyingi huleta damu kidogo, nyeusinyeusi, ikitoka leo na kukoma kesho. Watu wa nyumbani wanatulia, wanasema mwezi umefika. Kumbe si mwezi. Mama yule alikuwa amelalamika siku nne. Alisikia maumivu upande mmoja chini ya kitovu, akasikia kizunguzungu alipoinuka, na alipolala alisikia uchungu juu ya bega. Walimpaka bega dawa. Bega! Damu iliyomwagika tumboni hupanda mpaka kwenye ngozi ile inayotenga tumbo na mapafu, na uchungu wake husikiwa begani. Bega lake halikuwa na ugonjwa wo wote.

Munganga alipofungua tumbo alikuta damu zaidi ya lita moja. Nasi hatukuwa na damu ya kutosha ya kundi lake. Tulichota damu yake mwenyewe iliyokuwa tumboni, tukaichuja kwa kitambaa kilichotakaswa, tukamrudishia katika mshipa. Akaishi. Nitarudi kwa habari zake.

Baba, unajua siku mbuzi wako alipopandwa. Unajua ni juma gani ulipanda maharagi yako, na siku ya kung'oa unaijua. Lakini siku za mke wako unasema ni mambo ya wanawake. Mimi nasema unapaswa kuzijua. Wekeni alama katika kalenda ya kanisa iliyo ukutani, kila mwezi siku ya kwanza ya damu. Kama kalenda hakuna, wekeni punje ya haragi katika kopo kila siku, na kuzimwaga damu ikifika. Punje zikipita 35 na damu haijafika, ongeeni ninyi wawili. Kama tumbo linauma upande mmoja, hata kama kuna damu kidogo, hata kama kipimo cha mkojo hakijafanywa, msingoje asubuhi. Msimkande tumbo. Msimpe dawa ya mfumu, wala ya kunywa wala ya kuingiza chini. Asile kitu njiani, kwa maana pengine atapasuliwa mara anapofika. Najua katika vijiji vingine usiku njia si salama, na silaha zinajulikana zaidi kuliko taa. Kwa sababu hiyo hiyo afadhali kuja mchana wa siku ya kwanza kuliko usiku wa siku ya nne.

Sasa nakugeukia wewe, mama uliyelala wodini na bendeji tumboni.

Baada ya kupasuliwa utaona damu ikitoka chini kwa siku kadhaa, pengine mpaka majuma mawili. Usiogope. Ni kile kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mimba, nacho sasa kinabomoka. Pengine kitatoka kipande kizima kama nyama. Wanawake wengi wakikiona hulia wakisema, Huyu ndiye mtoto, wanganga walinidanganya, hawakumwondoa. Hapana. Ni kitanda kimetoka kwa mara moja. Hata hivyo, kipande cha namna hii kikitoka ukiwa nyumbani, kihifadhi katika chombo safi, uje nacho tukitazame.

Damu hiyo ya kwanza si mwezi wako. Mwezi wenyewe kwa kawaida unarudi baada ya majuma manne mpaka sita, na kwa wengine unakawia zaidi kidogo. Pengine wa kwanza utakuwa mzito, na uchungu wake mkali kuliko ulivyozoea. Wa pili na wa tatu huanza kufuata desturi yake ya zamani. Majuma manane yakipita na mwezi haujaonekana, njoo tukupime, usikae na mashaka peke yako.

Akina mama huniuliza, tena kwa sauti ndogo sana: Kwa kuwa mrija mmoja umeondolewa, je, mwezi utakuja nusu? Utakuja mwezi huu na kukosa mwezi ujao? Hapana, utakuja wote. Damu ya mwezi inatoka katika tumbo la uzazi, wala haitoki katika mrija, na tumbo lako la uzazi lipo. Tena jambo hili linanistaajabisha kila nikilifundisha: mrija uliobaki unaweza kulipokea hata yai lililotoka upande mwingine. Muumba hakutuumba kwa ubahili.

Neno lingine, nawe baba ulisikie. Yai linaweza kutoka majuma mawili tu baada ya mimba ile kuondolewa, maana yake mama anaweza kushika mimba kabla ya kuona mwezi hata mmoja. Kwa hiyo msirudiane mpaka damu imekoma na kidonda kimepona, kisha mtumie njia ya kuzuia mimba kwa miezi miwili au mitatu. Wauguzi watawaonyesha njia zilizopo. Aliyetibiwa kwa sindano ya kukausha mimba bila kupasuliwa angoje miezi mitatu kamili, kwa sababu dawa ile inaweza kumdhuru mtoto.

Vitambaa vyako vifue kwa sabuni na kuvianika juani. Najua mnavificha chini ya kitanda kwa kuona haya, navyo vinakaa na unyevu na kupata uvundo. Jua ni dawa ya bure.

Kama damu inalowesha vitambaa viwili vizito kwa saa moja, au ina harufu mbaya, au una homa, au kidonda kinatoa usaha, au mguu mmoja umevimba na kuuma, au maumivu ya tumbo na kizunguzungu yamerudi, njoo siku hiyo hiyo.

Umepoteza damu nyingi, nayo haitarudi kwa juma moja. Meza vidonge vya kuongeza damu mpaka vitakapokwisha, hata kama choo kinakuwa cheusi. Kula sombe, lengalenga, maharagi, ndagala au sambaza, na ini likipatikana. Chungwa pamoja na chakula linasaidia damu kuongezeka. Chai pamoja na chakula inazuia. Lala ndani ya chandarua, maana malaria nayo inakula damu. Na kwa majuma sita usibebe maji, wala usilime, wala usiweke mzigo wa kuni mgongoni kwa kamba ya paji la uso. Kamba ile inakaza tumbo kuliko unavyofikiri.

Nani atachota maji? Mume wake atachota. Nilimwona baba mmoja, shemasi, akienda kisimani na bidoni mbili kila asubuhi. Wanawake walimcheka siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wamezoea, wakampa nafasi katika mstari.

Sasa narudi kwa yule mama wa pikipiki.

Alitoka hospitalini siku ya 9, amepona vizuri, na karatasi mkononi. Karatasi ile iliandikwa Kifaransa. Hakuna mtu aliyekaa naye kumweleza kilichoondolewa na kilichobaki. Hili ni kosa letu sisi wauguzi, wala si lake, nami siku ile nilikuwa kazini. Nyumbani shemeji yake aliyesoma kidogo alilikuta neno refu, akalitafsiri kwamba uzazi wote umetolewa. Wakangoja mwezi wake. Juma la 5 likapita, na la 6. Juma la 7 wakasema, Mnaona, amekwisha. Akarudishwa kwa baba yake, na mbuzi wa mahari wakadaiwa. Juma la 8, nyumbani kwa baba yake, mwezi ukaja. Hakuna mtu wa upande wa mume aliyekuwapo kuuhesabu.

Nilipopata habari nilikwenda kwa mume yule mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameanza kumtafutia mwanamke mwingine nyumba. Nilimchorea tumbo la uzazi na mirija yake kwa mkaa juu ya ubao. Alitazama muda mrefu, akasema, Kama mngenionyesha hivi siku ile. Sikuwa na jibu. Tangu wakati ule katika wodi yetu karatasi ya kutoka ina ukurasa wa pili wa Kiswahili na picha, na hatumpi mama karatasi mpaka mume wake au ndugu yake amekaa kitini na kusikiliza. Wengine wananung'unika kwamba tunawakawisha. Wakawie.

Katika nyumba nyingine wanasema amelogwa. Katika nyingine wanasema alizini, ndiyo maana mrija uliharibika. Ni kweli kwamba kisonono, ambacho wengi hapa wanakiita sopisi, na magonjwa mengine ya namna hiyo, huacha makovu katika mirija. Lakini nani aliyeuleta ugonjwa nyumbani? Mara nyingi ni yule anayepiga kelele zaidi. Tena katika wanawake wengi, karibu nusu, wanganga hawaoni sababu yo yote. Basi msifanye kesi. Mje wote wawili mpimwe, na kama ugonjwa upo mtibiwe wote wawili.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni lile lililofanyika kanisani. Baraza la kanisa la mtaa wao lilimwondoa mama yule kwenye Meza ya Bwana kwa miezi sita, kwa neno kwamba alitoa mimba hospitalini. Wazee wangu, ninawaheshimu, lakini katika jambo hili mlikosa. Mtoto aliyekaa katika mrija hawezi kuishi mpaka kuzaliwa. Watu huuliza kwa nini hatukumhamisha kumweka mahali pake. Hakuna munganga katika dunia yote, hata Ulaya na Marekani, awezaye kufanya hivyo. Tungemwacha, wangekufa wote wawili. Mama yule alimlilia mtoto wake wodini usiku, nilimsikia. Mtu aliyefiwa mnamwekea adhabu?

Nami nisijifanye mwenye haki. Nilipotoka shule ya Biblia, kijana mwenye daftari nyingi, niliwafundisha wanawake kwamba aliye katika siku zake asikaribie Meza ya Bwana. Nilishika Mambo ya Walawi sura ya 15. Mama mmoja mzee, asiyesoma sana, aliniuliza kwa upole kwa nini naanza katikati ya sura. Nikarudi nyumbani nikaisoma tangu mwanzo. Sura ile inaanza na wanaume na unajisi wa miili yao, kwa mistari mingi, kabla ya kumfikia mwanamke hata mmoja. Sijawahi kumwona mzee wa kanisa aliyejizuia kwa ajili ya mistari ile.

Soma pia Marko sura ya 5. Mwanamke alikuwa ametoka damu miaka 12. Alikuwa amemaliza mali yake yote kwa wanganga, na hali yake ikazidi kuwa mbaya (mstari huo sisi wa hospitali hatuupendi sana). Akagusa vazi la Yesu katikati ya watu. Kwa sheria ya zamani angepaswa kukemewa mbele ya wote. Yesu alimwita binti, akamruhusu aende kwa amani, na kila mtu akasikia. Hakumwambia anyamaze wala ajifiche. Basi mama anayetoka damu baada ya kupasuliwa, ambaye ana majuma mawili ya vitambaa na majuma mengi ya huzuni, kwa nini tumfungie mlango wa nyumba ya Mungu wakati anapouhitaji kuliko sisi wote?

Na ninyi mama wakwe, msomeni Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Hakuwa na mtoto. Elkana mume wake alimpa sehemu yake mezani wala hakumfukuza. Aliyemchokoza alikuwa mtu wa nyumbani.

Tena si kweli kwamba mama aliyeondolewa mrija mmoja amekwisha. Zaidi ya nusu ya wanawake wa namna hii hushika mimba tena, nayo hukaa mahali pake, wengi kabla ya miaka miwili kupita. Wengine hawazai tena. Siwezi kumwahidi mtu mtoto, na mke asiyezaa ni mke. Lakini msimhukumu mtu kwa miezi miwili.

Jambo moja lazima alijue. Mama aliyepata mimba nje ya tumbo mara moja, hatari ya kuipata tena ni kubwa kuliko ya wengine: karibu 10 katika 100. Kwa hiyo kuhesabu siku kusikome. Siku zikipita juma moja tu, hata kama husikii maumivu, hata kama umefurahi sana, njoo. Tutapima mkojo, na karibu na juma la 6 au la 7 tutatazama kwa mashine ya picha kama mtoto yuko nyumbani mwake au yuko njiani. Akiwa nyumbani, utarudi na furaha. Akiwa njiani, tutakusaidia kabla mrija haujapasuka.

Ukija, uje na ile karatasi yenye ukurasa wa Kiswahili, na kopo lako la maharagi kama huna kalenda. Hakuna atakayekucheka, katika meza ya wodi yetu kuna makopo matatu sasa. Na ukifika usiku, piga lango kwa nguvu. Mlinzi wetu ni mzee na usingizi wake ni mzito, lakini akiamka hukimbia.